Nyumba Aliyoisimulia Mama

Siku niliyohamia Nairobi, kitu cha kwanza nilichokitamani kilikuwa cha mwanamke mwingine. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ploti ya vyumba vya kupanga kule Baba Dogo, godoro kichwani, nikimngoja mume wangu apapase mifuko yake atoe ufunguo, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wazi. Sikuchungulia. Mlango ukiwa wazi na mtu akiwa na macho, huko hakuitwi kuchungulia. Niliona makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vioo lililojaa vikombe vya maua, na mwisho wa chumba pazia la neti, jeupe, limeshuka kutoka darini hadi sakafuni kama shela la bibi harusi. Kisha mume wangu akafungua kwetu. Kwetu kulikuwa na balbu na msumari mmoja.

"Pale ndipo kwa yule mama niliyekwambia," akasema. "Mtu mzuri sana. Na chai yake, wacha tu."

Hakuwa ameniambia. Ningekumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimetoka Kakamega, mke mpya kabisa, na yeye alikuwa amenitangulia mjini kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, pale pale Baba Dogo. Kile chumba alikuwa amekipanga wiki chache kabla sijafika, na katika wiki hizo hakuona haja ya kununua hata kiti. Baadaye nilielewa ni kwa nini. Akitaka kukaa, alikuwa na mahali pa kukaa.

Niseme mapema ili msomaji asijisumbue: mume wangu hakuwa na lolote na yule mwanamke. Ingalikuwa nafuu. Mumeo akimpenda mwenzako unajua pa kuipeleka hasira, hata kina mama wa kanisa watakuja kulia nawe. Lakini mumeo akipenda kabati la mwenzako, utamshtaki kwa nani?

Jirani alikuwa mtu wa Murang'a, mkubwa kwangu kiasi cha kuniita mtoto akitaka na dada akitaka. Mume wake hakuonekana na hakuna aliyeuliza. Binti yake mmoja alikuwa shule ya bweni. Biashara yake ilikuwa kuuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, kwa hiyo bale likikatwa kamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia mkono. Kizuri kilienda kwake, kinachofuata kilienda kwa wateja, na sisi wengine wa ploti tulipata nafasi ya kupita mlangoni tukatazama. Alikuwa mkarimu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu mwenye vitu vizuri angalau awe na roho mbaya, tugawane.

Nilianza kupamba kwangu kwa hasira. Mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku misumari, eti inabomoa plasta, kwa hiyo ule mmoja tulioukuta ukawa mali. Niliutundikia kalenda ya bucha. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya samawati hadi usawa wa kifua, juu yake rangi ya maziwa iliyochoka, na mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameacha alama ya mraba mahali palipokuwa na picha yake. Niliisugua alama ile kwa sabuni na mchanga mpaka rangi yenyewe ikaanza kutoka. Mume wangu alileta kutoka kiwandani mabeseni yaliyotoka kombo, yale yasiyoweza kuuzwa, nami nikayapanga chini ya meza kwa ukubwa, kila moja limeegemea upande wake. Nilitarizi kitambaa cha meza kwa nyuzi nyekundu. Tulinunua viti viwili vya mbao kwa fundi wa kando ya barabara, na kimoja kilihitaji karatasi chini ya mguu.

Kila nilipoongeza kitu nilikuwa na mazoea ya kusimama mlangoni, nikatazama kwangu, kisha nikageuza shingo nikatazama kwake. Ubaya wa korido ni kwamba inakulazimisha kulinganisha. Nikiweka maua ya plastiki kwenye gilasi, kwake naona chombo cha udongo chenye maua marefu. Nikitandaza mkeka, kwake kuna zulia. Siku moja nilifua kila kitambaa nilichokuwa nacho, nikavipiga pasi, nikavitandaza, na mume wangu alipotoka kazini akasimama katikati ya chumba akanusa.

"Umepika nini?" akauliza.

"Hujaona kitu?"

Akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kofia. "Umehamisha meza?"

Jioni ile ile jirani akaita kutoka kwake kwamba swichi yake inatoa cheche. Mume wangu akaenda na bisibisi. Alirudi pumzi yake ina harufu ya tangawizi.

"Unajua kwake mtu ukikaa, unakaa kweli," akasema. "Unahisi uko nyumbani."

"Basi hamia," nikamwambia.

"Si nimesema tu makochi ni mazuri?"

"Ndiyo nasema, hamia kwenye makochi."

Hakula kwa furaha siku hiyo, na mimi sikumpakulia kwa furaha.

Sasa, kulikuwa na kitu kimoja katika chumba chetu ambacho sikuweza kukitazama bila kuona haya, nacho ni pazia letu. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo tulikigawa kama kila mtu: mbele sebule, nyuma kitanda, katikati pazia. Letu lilikuwa shuka nzito ya rangi ya kahawia ambayo mume wangu alikuja nayo kutoka maisha yake ya useja, imeungua kwa pasi pembeni. Nililining'iniza kwa kamba kutoka bomba la waya za umeme kwenye ukuta mmoja hadi kwenye ule msumari wetu wa ukuta wa pili, kalenda na pazia vikabebana. Lilikuwa zito, limelegea katikati, na lilifanya sebule yangu yote ifanane na nyuma ya jukwaa la mkutano.

Lakini lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe si mapambo. Kwetu magharibi, mama mzaa mke halali nyumbani kwa mkwe wake. Wala haruhusiwi kukiona kitanda anacholalia mkwe huyo. Huko kijijini hili halimsumbui mtu, maana chumba cha kulala kina mlango wake na mama mkwe akija anaishia sebuleni. Mjini, pazia ndilo ukuta na ndilo mlango. Likiwepo, mama anaweza kukaa, akanywa chai, akaombea nyumba, akaenda kulala kwingine. Lisipokuwepo, hana nyumba ya kuingia.

Nilikuwa na mwaka mmoja kasoro pale Baba Dogo mama aliponitumia habari kwa mtu wa kwetu. Kina mama wa kanisa letu walikuwa wanakuja Nairobi kwa mkutano, wangefikia Makadara, na mkutano ukiisha yeye angekuja kwangu kabla ya kurudi na wenzake. Angelala siku mbili.

Ni lazima nieleze kwa nini habari ile ilinikosesha usingizi. Mama hakutaka niolewe mapema. Alitaka niende chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimemjibu kwa jeuri ya msichana kwamba nitakuwa na nyumba yangu na hatakuwa na haja ya kunihurumia. Alipokuwa akinifungia virago vyangu alisema neno moja tu: "Nitakuja kuiona hiyo nyumba." Basi alikuwa anakuja kuiona. Na hakuwa anakuja peke yake, kwa maana ya kwamba kila mmoja wa wale kina mama alikuwa na binti mjini, na kila mmoja angerudi na maneno. Nilitaka mama aingie kwangu, akae, atazame pande zote, halafu akaseme kule nyumbani kwamba binti yake ana kwake. Sikutaka kingine chochote duniani wakati ule.

Na ili hilo liwezekane, ilibidi niende kwa jirani kuomba kitanda.

Nilizunguka siku nzima. Nilifikiria majirani wengine wote, lakini kila mlango ulikuwa na mume ndani au watoto waliojaa hadi mlangoni. Mwishowe nikabisha.

"Sasa jirani, ingia basi, mbona unasimama hapo kama mtu wa kudai kodi?" akasema.

Nikaingia, nikaketi kwenye lile kochi. Mume wangu alikuwa amesema kweli, na hilo nalo sikumsamehe. Nikamweleza habari ya mama.

"Kwani nyinyi mna shida gani na kitanda?" akacheka. "Mama yako si alikuzaa? Anafikiri unalala kwenye mti?"

"Ni kitanda cha mkwe wake. Ni mila."

"Haki sawa, hata sisi tuna zetu. Mwambie aje. Atalala kitandani kwangu, mimi nitalala hapa kwa kochi. Na usijisumbue na shuka, nina zingine hata sijawahi kuzitandika."

Nilimshukuru, na nilikuwa nashukuru, lakini nilitoka pale moyo unawaka. Nilimwona mama kwa macho yangu: analala kwenye shuka za yule mwanamke, anaamka anaona lile kabati, anakunywa chai kwenye kile kikombe cha maua, halafu anavuka korido anaingia kwangu na kuikuta ile shuka ya kahawia iliyoungua. Nani angeikumbuka nyumba yangu baada ya hapo? Kiti kibovu kinaweza kufunikwa kwa kitambaa. Pazia la aina ile huwezi kulificha, ndilo linalojaza macho mtu akifika tu mlangoni.

Nikaamua nitaweka neti. Nyeupe, yenye maua, kama yake.

Ningeweza kumwendea tu nikamwambia nataka kama lako. Angenitafutia, tena angefurahi. Na furaha yake ndiyo niliyoikwepa. Nilikwenda Gikomba nikaingilia upande wa mbali na kibanda chake, nimejifunga leso kichwani hadi kwenye nyusi, nikanunua kwa mtu mwingine kabisa. Nilirudi na furushi chini ya kwapa. Nikampita jirani, aliyekwisha kurudi, mlangoni kwake anachambua mchele, nikamwambia nimetoka kununua mboga.

Nililining'iniza jioni ya kuamkia siku ya kumpokea mama. Nikaiondoa shuka ya kahawia, nikaikunja, nikaisukuma uvunguni, nikapandisha neti. Balbu ilikuwa inawaka upande wa sebule. Lile pazia lilipokea mwanga likang'aa, maua yakatokeza, na nyuma yake hapakuonekana kitu. Chumba kikaonekana kirefu zaidi. Hata mabeseni ya kombo yalipendeza. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Eh," akasema. "Sasa hii ni nyumba."

Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kusikia neno lile. Nilikwenda nikaufungua mlango wetu wote, nikauacha wazi, ili na huko ng'ambo nao waone. Jirani hakuwa amerudi kutoka kwa mgonjwa fulani aliyekuwa akimjulia hali. Nikajisemea si kitu, ataona kesho.

Asubuhi niliondoka mapema, mume wangu akaenda kiwandani, nami nikaenda Makadara. Mkutano wao uliisha kwa nyimbo, na nyimbo za kina mama wa kwetu zikianza haziishi upesi. Mama nilimkuta amevaa gauni lake la kanisa, mkononi ana mfuko wa unga wa wimbi, kwapani ana kuku hai amefungwa miguu. Kuku huyo alitoka naye Kakamega. "Wa nyumba yako," akaniambia, na hakukubali nimpokee. Mama hampi binti kuku barabarani. Kuku anapokewa ndani ya nyumba. Njia nzima alimpakata, akawa ananiuliza maswali madogo madogo: maji tunachota wapi, majirani ni watu wa aina gani, jua linaingia kwangu asubuhi au jioni.

"Jioni," nikamjibu, na wala akili yangu haikunikonyeza.

Tulifika Baba Dogo jua limeshaanza kushuka. Nilitangulia kwenye korido nimeinua kichwa. Nikafungua kufuli, nikausukuma mlango, nikajitoa pembeni ili aingie yeye kwanza.

"Karibu kwangu, mama."

Mama aliinua mguu. Kisha nikaona mguu ule ukirudi nyuma.

Dirisha letu lilikuwa ukuta wa nyuma, juu ya kitanda, nalo lilitazama magharibi. Jua lilikuwa limelikamata dirisha zima. Kila kilichokuwa nyuma ya neti kilionekana kuliko kilichokuwa mbele yake: kitanda chote, miguu yake minne, mito miwili, na suruali ya kulalia ya mume wangu imening'inia kwenye ubao wa kichwani. Yale maua yaliyonipendeza usiku hayakuonekana kabisa. Mama alivuta leso akajifunika uso, akageuka akatazama ukuta wa korido, na kuku akapiga kelele kwapani mwake kwa kubanwa.

"Mwanangu," akasema kwa lugha yetu, polepole, "hapa siwezi kuingia."

"Mama, ngoja, nafunika. Ngoja hapo hapo."

Nilijitupa uvunguni nikaitoa ile shuka ya kahawia, nikairusha juu ya kamba, ikaanguka, nikairusha tena. Nilipotoka kumwambia ni tayari, korido ilikuwa tupu. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, na sauti yake ilikuwa inasema, "Kaa hapa mama, hapa pana mto. Huyo kuku nipe mimi."

Nilisimama kwenye kizingiti cha yule mwanamke. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, miguu yake juu ya zulia.

"Mama, nimeshafunika. Njoo sasa."

Alinitazama kwa huruma, ile ile niliyomwambia hatakuwa na haja nayo. "Unafunika nini? Nimeshakiona. Siwezi kwenda kuketi pale nikakunywa chai na nimeona mkwe wangu anapolala. Mpaka wazee wa kwetu wazungumze na wazee wa kwao."

"Lakini hukutaka kukiona."

"Jicho haliulizwi kama lilitaka."

Jirani hakufahamu lugha yetu ila alifahamu nyuso zetu. Alivuka korido akaenda kutazama mlangoni kwangu, kisha akarudi akanishika mkono akanivuta kando.

"Haki wewe, si ungeniuliza? Neti haiwekwi peke yake. Njoo uone."

Akaniongoza hadi kwenye lile pazia lake nililolitazama mwaka mzima. Akalisogeza. Nyuma yake kulikuwa na jingine, zito, la rangi ya maziwa, halipitishi hata mwanga wa tochi. Neti ilikuwa ya urembo. Lile la nyuma ndilo lililokuwa likificha. Mimi nilikuwa nimeona la mbele tu, maana la mbele ndilo linaloonekana na mtu aliyesimama nje.

Hata siku ile sikumshukuru kwa maelezo. Nilimchukia kwa kuwa na mawili.

Mama alikaa siku zake mbili kwa jirani. Mimi nilipika kwangu nikavusha sahani, na jirani akazipokea mlangoni kana kwamba mimi ndiye nimetumwa na mkahawa. Mume wangu alikuja kumsalimia mama mkwe kutoka mbali, ameinamisha uso, na mama naye akamjibu akiwa anatazama kikombe. Jirani akajaza chai. Nilikuwa mgeni wa mama yangu katika nyumba ya mtu mwingine, hatua chache kutoka kitandani kwangu.

Na walipatana! Hilo ndilo lililonimaliza. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokota na cha jirani kilikuwa cha sokoni, lakini nilikuwa nikisikia kicheko kupitia mlango nikiwa nimeketi peke yangu kati ya viti vyangu viwili. Mama alimwonyesha namna ya kusonga ugali wa wimbi bila madonge. Mimi hakuwahi kunionyesha kwa upole kiasi kile. Mimi nilionyeshwa kwa kupigwa mwiko kwenye vidole. Jirani akamkatia pazia la dirisha la jikoni kwake kijijini, akamkunjia vizuri. Nilipoingia kuchukua sahani nilimkuta mama amesimama mbele ya kabati la vioo, mikono nyuma, anatazama kikombe kimoja kimoja kama anayesoma.

Yule kuku alimpa yeye. Alimpa mbele yangu, kwa mikono miwili. "Wewe umenilaza," akamwambia. Kuku aliyetoka Kakamega kwapani mwa mama, kuku wa nyumba yangu, akafunguliwa miguu akaachwa kwenye ua wa ploti, na wiki haikuisha akaanza kutagia kwenye kikapu cha mlango wa jirani. Jirani aliniletea mayai mara kwa mara. Nikayala. Yalikuwa mayai mazuri.

Mama alirudi Kakamega na wenzake bila kukanyaga sakafu yangu. Nilimsindikiza hadi kwa wenzake nikamuaga, na hakuna kati yetu aliyetaja nyumba.

Desemba tukaenda nyumbani. Jumapili ya kwanza, ibada ilipoisha, kina mama walinizunguka nje ya kanisa, wale wale wa mkutano na wengine. Nilidhani watanicheka. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la jeuri.

"Tumesikia!" mmoja akapaza sauti. "Nyumba yako tumeisikia yote. Eti ukiketi kwenye kiti unazama?"

"Na kabati la vioo," mwingine akadakia. "Mama yako anasema vikombe havishikiki kwa uzuri."

"Na pazia mbili mbili! Moja ya kuona, moja ya kuficha. Wasichana wa siku hizi mna akili."

Niliutafuta uso wa mama. Alikuwa kando kidogo, anajifanya anatafuta kitu ndani ya Biblia yake.

Msichana mmoja, aliyekuwa anangoja kuolewa Januari, akanishika kiwiko. Alitaka kujua nyumba nimeipanga vipi, maana naye anakwenda mjini na atapata chumba kimoja. Basi nikaanza kumwambia. Sikusitasita hata kidogo. Nilimwambia kabati linawekwa upande gani ili mlango ukifunguliwa livutie macho, vitambaa vinalazwa vipi mgongoni mwa kochi visiteleze, chupa ya chai inakaa wapi, vikombe vinageuzwa mikono yake upande mmoja, na zulia lianzie wapi ili mgeni avue viatu bila kuambiwa. Walisikiliza wote. Hakuna mtu duniani aliyeijua ile nyumba kama mimi, hata mwenyewe. Nilipokuwa nasema, wivu ulinipanda upya, mkali: nilimwonea wivu mwanamke waliyekuwa wakimtazama.

Tulirudi nyumbani. Mama akaketi jikoni akaanza kuchambua maharagwe, nami nikasimama mlangoni.

"Mama, ile si nyumba yangu."

"Najua."

"Kwa nini ukawaambia?"

Alichagua jiwe akalitupa nje. "Ndani ya basi kila mmoja alisimulia nyumba ya binti yake. Mmoja Komarock, mmoja wapi, viti hivi, dirisha hivi. Zamu yangu ikafika. Ningesema nini? Kwako niliona kitanda tu."

Niliketi chini karibu naye nikachota maharagwe yangu. Tulipofika nusu ya ungo akasema bila kuinua uso, "Haya, nisimulie. Kwako kukoje?"

"Sina kabati," nikasema. "Makochi hatuna, tuna viti tu. Zulia bado. Chupa ya chai yenye maua kama ile..."

"Sikukuuliza usicho nacho," mama akanikatiza. "Nimeuliza kwako."

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akaikunja mapajani kama mtu aliyekuja kutembea. Nikaanza tena, kutoka mlangoni.